Mstari wa Tisa

— Mwalimu, naomba radhi, lakini huyu mwanamume hampendi huyu mwanamke.

Darasa zima liligeuka kumtazama Munga. Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwezi wa sita, katika darasa la kuazima la shule moja ya msingi huko Shika Adabu, Likoni. Watu wazima kumi na wanane walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani, wakijiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kibinafsi. Munga alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mkaazi wa Mtongwe, fundi wa mafriji anayefanya kazi Changamwe kwenye makontena ya baridi. Aliacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki. Sasa alitaka kusomea ufundi wake chuoni, na chuo kilimwambia hakimpokei bila cheti.

Mwalimu Dhahabu alisimama na chaki mkononi. Nyuma yake, ubaoni, kulikuwa na shairi la mapenzi la Kiingereza cha kale, mistari kumi na nne, la aina inayoitwa soneti. Alikuwa ametumia nusu saa kueleza jinsi soneti inavyojengwa: mistari minane ya mwanzo inaliweka jambo, wa tisa unaligeuza, na miwili ya mwisho inafunga. Bi Mwanaima, mama wa miaka hamsini na mbili anayeuza mahamri na mbaazi Likoni na ambaye hakosi swali, aliuliza kama lina vina. Alipoambiwa linavyo ila halina kibwagizo, alisema basi ni shairi kama la kwetu, limekatwa tu mkia.

Maana yake, kwa maelezo ya mwalimu, ilikuwa hivi. Mwanamume anakwenda safari ya mbali. Katika mistari minane anamwambia mpenzi wake asilie, asiape kumngoja, asihesabu siku, asikae dirishani. Mstari wa tisa unaanza na “lakini”: lakini akija mwingine akabisha hodi, mfungulie. Na mwisho anasema kwamba furaha ya mpenzi wake, hata ikitoka kwa mwingine, yeye ataihesabu kuwa yake.

— Hampendi vipi? Dhahabu aliuliza. Anampa uhuru wake. Kuna mapenzi makubwa kuliko hayo?

— Mwalimu, mimi nikiacha friji ya mtu haijaisha, namwachia mkoba wangu wa spana. Hata nisiposema neno, anajua kesho nitarudi. Huyu bwana ameondoka na mkoba wake. Hajasema atarudi lini. Hajasema ataandika. Hajauliza huyo mwanamke atakula nini.

— Shairi si friji, Munga.

Watu walicheka, na Munga akacheka nao. Lakini hakukaa chini.

— Ni kweli, mwalimu. Ila huo mstari wa tisa. Nani aliyemwomba ruhusa ya kumfungulia mtu mlango? Mwanamke hajasema kitu shairi zima. Mimi naona ruhusa hiyo anajipa yeye mwenyewe.

Dhahabu aliweka chaki mezani. Alimwambia, kwa sauti ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuisikia, kwamba katika mtihani mtu hujibu kilichoandikwa, si anachokitaka yeye, na kwamba wanaotaka kubishana wakabishane baraza za nje. Kisha akawapa kazi: eleza maana ya shairi hili kwa maneno yako, alama ishirini.

Hakuna aliyejua kwamba shairi lile halikutoka kwenye kitabu cha shule. Lilitoka kwa Gershom.

Gershom alikuwa mchumba wa Dhahabu. Alifanya kazi ya uhudumu katika hoteli moja ya Shelly Beach, akajua Kiingereza kizuri kwa kuzungumza na wageni na kusoma vitabu walivyoviacha vyumbani. Miaka mitatu iliyopita alipata kazi Doha. Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, alimpa Dhahabu bahasha. Dhahabu alitarajia pete. Alikuta soneti ile, imeandikwa kwa mkono, na chini yake: “Soma polepole, utanielewa.”

Aliisoma polepole kwa miaka mitatu. Simu za Gershom zilipopungua, aliisoma. Likizo ya kwanza ilipopita bila yeye kuja, na ya pili, aliisoma tena, na kila mara alipata faraja, kwa sababu aliamua kwamba mtu anayependa kwa kiasi hicho hana haja ya kupiga simu kila siku. Kila Ijumaa Gershom alituma ujumbe, “Kazi nyingi mpenzi, Mungu akulinde,” na Ijumaa hizo zilimtosha. Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja. Mama yake, Josephine, alikwisha kununua leso za harusi, akaziweka kabatini.

Wiki ile alisahihisha kazi za darasa. Munga alikuwa ameandika kurasa mbili kwa mwandiko mnene wa mtu asiyeandika mara kwa mara, na kila alilolisema alilionyesha mstari wake. Dhahabu alimpa saba kati ya ishirini. Jumamosi alipomrudishia karatasi, Munga aliitazama, akaikunja vizuri, akangoja wenzake watoke.

— Mwalimu, sikatai alama. Nataka kujua tu nilipokosea. Nionyeshe mstari wenye hayo mapenzi, niujue, mtihani usije ukanikuta hivi hivi.

Dhahabu alichukua karatasi amwonyeshe. Aliupitia mstari wa kwanza, wa pili, akafika wa nane. Alitaja wa kumi na nne, kisha yeye mwenyewe akaona kwamba ule ulisema tu mwanamume atafurahi. Alimwambia Munga amwachie, atamjibu wiki ijayo.

— Hakuna haraka, Munga alisema. Samahani kama nilikuudhi siku ile. Mimi huongea nikidhani niko kazini.

Jumapili, baada ya kanisa, mama yake akiwa jikoni akikuna nazi, Dhahabu aliketi kitandani akampigia Gershom simu ya video. Haikujibiwa. Alipiga tena. Mara ya tatu ilijibiwa kwa sauti bila picha.

— Dhahabu, kuna nini? Mama mzima?

— Mama mzima. Nataka unieleze shairi lako.

— Shairi gani?

— Ulilonipa uwanja wa ndege. Nafundisha darasani, mwanafunzi mmoja amenishinda. Nieleze, mstari wa tisa ulimaanisha nini?

Nyuma ya Gershom mtoto mdogo alilia, na sauti ya mwanamke ikambembeleza kwa Kiswahili.

— Mimi nilidhani ulielewa, hatimaye alisema.

— Nilielewa nini?

— Kwamba nimekuachilia. Kwamba usinitegemee. Sikuweza kukwambia vile, machoni, na mama yako amesimama pale na chupa ya chai. Nikaona shairi litasema kwa uzuri zaidi.

— Na zile Ijumaa zote?

— Sikutaka uumie ghafla.

— Mtoto ana miezi mingapi?

— Kumi na minne.

Dhahabu alikata simu. Alingoja machozi. Yalikuja machache, kisha, jambo lililomshangaza mwenyewe, akaanza kucheka. Miaka mitatu mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameshika barua ya kuachwa akiisoma kama barua ya mapenzi, na aliyeielewa ni fundi wa mafriji, kwa kuisoma mara moja ubaoni. Mama yake alikuja na mbuzi ya kukunia nazi mkononi kuuliza anacheka nini. Dhahabu alimwambia yeye na Gershom wameachana. Habari za mtoto hakuzitaja, kwa kuona haya. Josephine alilia kwa niaba yake, akasema vijana hukasirikiana, atarudi.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya kuita majina, mwalimu aliandika ubaoni: Munga, 18.

— Nilimkosea mwenzenu, aliwaambia. Alitoa ushahidi wa kila alilosema. Mimi nilikuwa na maana yangu niliyoipenda, nikataka na shairi liipende. Maana nyingine zaweza kutetewa, lakini zitetewe kwa mistari. Munga, naomba radhi.

Munga alisimama, akainamisha kichwa, akakaa. Bi Mwanaima alimtazama mwalimu, akamtazama Munga, akafungua kalamu yake bila haraka.

— Na hizo alama mbili zilizobaki, mwalimu, zimekwenda wapi? aliuliza.

— Sarufi, alisema Dhahabu, na darasa likacheka.

Kuanzia siku ile Munga alikuwa wa mwisho kutoka darasani. Aliuliza maswali ya kweli, mengine aliyajua majibu yake. Walitembea pamoja hadi kituo, yeye akisukuma baiskeli, wakizungumza juu ya vitenzi, kisha juu ya mama zao, kisha juu ya kwa nini barafu hushika upande mmoja wa friji. Dhahabu alimsimulia habari za Gershom mwezi wa nane, kwa maneno machache. Munga alisikiliza hadi mwisho, na hakusema “nilikwambia.” Alisema tu kwamba angejua, siku ile angenyamaza.

— Ungenyamaza ningekuwa bado nangoja, alisema Dhahabu.

Siku mbili baadaye Munga alimtumia ujumbe: “Mwalimu, nina jambo nataka kukwambia ambalo si la Kiingereza.”

Dhahabu aliusoma katika chumba cha walimu, akahisi masikio yanamchoma. Alijibu: “Mimi ni mwalimu wako na wewe ni mwanafunzi wangu. Mpaka utoe karatasi yako ya mwisho, mimi na wewe ni Kiingereza tu.”

“Na baada ya hapo?”

“Baada ya hapo utakuwa mtu mzima wa Mtongwe. Sina sheria juu ya watu wa Mtongwe.”

Munga aliishika sheria hiyo kwa uaminifu uliokaribia kuwa uchokozi. Kila jioni saa kumi na moja, akitoka kazini, alituma zoezi. Mwalimu alikuwa amewapa soneti nyingine, ya furaha, ambamo mtu anamsifu mpenzi wake kwa kazi za mikono yake tu, shairi zima, bila kutaja uso. Munga aliieleza hivi: “Mistari minane ya kwanza, msemaji anamtazama mwanamke akifanya kazi. Anapenda vile anavyoshika vitu. Kwa mfano, vile anavyoivunja chaki mara mbili kabla ya kuandika.”

Dhahabu alijibu: “Katika shairi hakuna chaki. Jibu la swali tu. 11 kwa 20.”

Kesho yake: “Ni kweli, hakuna chaki. Nilichanganya mashairi mawili.”

Dhahabu alimwonyesha Bi Mwanaima ujumbe ule, akijifanya anataka ushauri tu wa mambo ya mwalimu na mwanafunzi. Bi Mwanaima aliusoma mara mbili, simu ameiweka mbali na macho.

— Huyu yuwakupenda, mwanangu, na yuwaogopa kukosa alama. Nimeishi miaka mingi, sijaona posa ya adabu kama hii.

Mtihani ulianza mwezi wa kumi na moja. Karatasi ya mwisho ya Munga ilikuwa Fizikia, siku ya Alhamisi. Siku hiyo hiyo pilau ilipikwa nyumbani kwa Josephine, kwa maana Gershom alikuwa amerudi.

Alikuja na manukato, kitambaa cha mama, na uso wa kuomba radhi. Kwa simu alikwisha kuzungumza na Josephine majuma mawili, kwa siri. Mambo ya huko yamemshinda, alimwambia, amekosea, anataka kumalizia alichokianza. Josephine, aliyempenda Gershom tangu akiwa kijana wa kwaya, alimwambia aje, watazungumza Alhamisi. Bi Mwanaima alizipata habari hizo sokoni kabla ya Dhahabu mwenyewe, na asubuhi ya Alhamisi alimkuta Munga mlangoni pa chumba cha mtihani.

— N'natafuta namna ya kukwambia na n'natafuta namna ya kutokwambia, alimwambia. Yule wa Doha yuko kwa kina mwalimu.

Munga alisimama. Aliutazama mlango wa chumba, akautazama mlango wa shule.

— Karatasi inaisha saa ngapi? aliuliza.

— Saa sita.

— Basi nitakwenda saa sita, akasema, akaingia.

Saa saba kasoro alikuwa uani kwa kina Dhahabu, shati limelowa jasho, rula bado mfukoni. Alipiga hodi. Ndani walikuwa watatu, Josephine, Dhahabu na Gershom, na mazungumzo yalikuwa yamefika mahali pagumu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameigusa pilau.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Karibu. Wewe ni nani?

— Naitwa Munga. Nilikuwa mwanafunzi wa mwalimu hadi saa sita.

Dhahabu aliinamisha uso kuficha tabasamu. Gershom alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi rula.

— Kaka, tuko na mazungumzo ya nyumbani, alisema kwa upole. Hujui mimi na Dhahabu tumetoka wapi.

— Sijui yote, alisema Munga. Sikuja kukuvunjia heshima. Nimekuja kumwuliza mama siku gani naweza kuwaleta wazee wangu. Jibu likiwa hakuna siku, nitaaga niende.

Josephine aliweka mkono kifuani. Alimgeukia bintiye, akamwambia kwa uchungu kwamba Gershom ni mtu wanayemjua, amekosa, ameomba radhi, na hata siku ya kuondoka alimwachia maneno ya mapenzi ambayo Dhahabu ameyaweka chini ya mto miaka mitatu. Je, hayo yote si kitu?

— Mama, hujawahi kujua maneno yale yanasema nini, alisema Dhahabu. Gershom, mweleze mama shairi lako.

— Dhahabu, hayo yamepita.

— Mweleze kwa Kiswahili. Yeye ndiye aliyekuwa na chupa ya chai.

Gershom alitazama sakafu. Alisema ni maneno ya zamani, ni magumu kufasiri.

— Si magumu, mama, alisema Dhahabu, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani, tulivu. Yana mistari kumi na nne. Minane ya kwanza inaniambia nisilie, nisiape, nisihesabu siku, nisikae dirishani. Niliona ananihurumia. Kumbe ananiondoa njiani kidogo kidogo, ili asiwe na mtu wa kumrudia. Mstari wa tisa unasema akija mwingine akabisha hodi, nimfungulie. Niliona ananipa uhuru. Lakini mimi sikuuomba, mama. Yeye ndiye aliyekuwa na mlango mwingine. Na miwili ya mwisho inasema furaha yangu ni furaha yake, yaani nikifurahi, yeye asilaumiwe. Ndiyo maana yake. Ni barua ya kuachwa iliyoandikwa vizuri, nami niliisoma vibaya kwa sababu nilitaka. Mlango wake mwingine una mtoto. Sasa atakuwa na mwaka na nusu.

Josephine alimgeukia Gershom.

— Una mtoto?

— Ndiyo, mama.

— Wa kike au wa kiume?

— Wa kike.

— Nani yuko naye sasa hivi, wewe ukiwa hapa na manukato?

Josephine hakumfokea. Aliinuka, akampakulia pilau kwenye bakuli lenye kifuniko, akamkabidhi mkononi na kitambaa chake juu yake, akamwambia akamtafute mtoto wake, na akimpata ampigie simu amjulishe, kwa kuwa mtoto hana kosa. Gershom alisimama mlangoni, akamtazama Dhahabu.

— Nisamehe, alisema.

— Nimekusamehe tangu Juni, alisema Dhahabu. Nenda salama.

Alipokwisha kutoka, Josephine alirudi kitini, akamtazama Munga ambaye bado alikuwa amesimama.

— Umekula?

— Bado, mama. Nimetoka kwenye Fizikia.

— Ilikuwaje?

— Ilikuwa rahisi kuliko hapa.

Josephine alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akamvutia kiti. Munga aliketi, akanawa mikono. Kabla ya kuanza kula alimgeukia Dhahabu, na kwa mara ya kwanza hakumwita mwalimu.

— Dhahabu, jambo nililotaka kukwambia mwezi wa nane ni kwamba nakupenda. Nakutaka tuishi pamoja Mtongwe, au hapa, au utakapopenda wewe. Nitakuwa narudi nyumbani kila siku saa kumi na mbili, labda kivuko kichelewe.

— Na mimi nakupenda, alisema Dhahabu. Nilijua tangu siku ya barafu.

— Barafu ipi? aliuliza Josephine, lakini hakuna aliyemjibu.

Wazee wa Munga walikuja kabla ya Krismasi na kadzama, chombo cha tembo la posa, na kwa kuwa Josephine ni mtu wa kanisa, aliwaomba ijazwe madafu badala ya tembo, wazee wakakubali kwa huzuni ya muda mfupi. Matokeo yalipotoka Januari, Munga alikuwa amepata alama za kutosha kuingia chuo, na Bi Mwanaima alipata B ya Kiingereza, akafunga biashara siku nzima na kugawa mahamri bure kwa kila aliyemwita mwanachuoni.

Harusi ilifungwa Jumamosi moja ya Aprili katika kanisa dogo la Likoni. Mvua ilipiga mabati hivi kwamba mchungaji alilazimika kupaza sauti. Bi Mwanaima alikaa mstari wa mbele, buibui yake imepambwa kwa maua ya asumini, kando ya Josephine, wameshikana mikono kama ndugu. Mchungaji alimgeukia bibi harusi.

— Dhahabu, je, unakubali kumpokea Munga, awe...

— Nakubali, alisema Dhahabu.

Mchungaji alishusha kitabu.

— Mwalimu, ngoja swali liishe.

Kanisa lilicheka hadi kwaya iliyokuwa nyuma ikashindwa kusimama sawasawa. Munga alikuwa akicheka huku anafuta macho kwa mkono wa koti. Dhahabu aliomba radhi, akakunja mikono mbele kama mwanafunzi, akalisikiliza swali zima, neno kwa neno, hadi nukta ya mwisho. Kisha akajibu tena, kwa sauti iliyoishinda mvua.